Smuthi ya Matunda ya Kugandisha: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishia Kupata Juisi Yenye Mapovu

Malalamiko ni yale yale. Blenda inanguruma lakini visu vinazunguka hewani, matunda yamekaa juu hayashuki. Au inasaga vizuri, kisha kinachomiminika kwenye glasi ni maji ya rangi ya embe, mapovu juu, chembe za barafu chini. Mwingine smuthi yake hutoka nzuri, ila baada ya robo saa imekuwa chungu.

Mengi ya makosa haya hufanyika kabla blenda haijachomekwa kwenye umeme. Tunda limegandishwa vibaya, au barafu na sukari zimepewa kazi ambayo tunda lenyewe lingeifanya.

Katika mwongozo huu tunda lililoganda ndilo barafu, ndilo sukari, na ndilo linalokipa kinywaji uzito. Hatua ya 1 hadi ya 4 zifanye siku moja kabla. Hatua ya 5 hadi ya 8 hazizidi dakika 15, na nyingi kati ya hizo ni za kusubiri.

## Vitu vya kuandaa

Kikombe hapa ni ml 250, kijiko cha chakula ni ml 15. Vipimo vifuatavyo vinatoa glasi mbili za kama ml 280 kila moja:

- Embe lililomenywa na kukatwa, g 200
- Ndizi mbivu iliyomenywa, g 100 (moja kubwa, au kisukari mbili)
- Mtindi usiotiwa sukari, ml 120 (karibu nusu kikombe)
- Maji salama ya kunywa au maziwa yaliyochemshwa, yakiwa baridi, ml 120
- Pasheni 3 (wengine huziita karakara)
- Ndimu nusu
- Chumvi, mbinyo mdogo wa vidole viwili

Vifaa: blenda, kisu chenye makali, ubao, trei au sinia bapa linaloingia kwenye friza, chujio la chai, mwiko wa mbao, na vyombo vyenye mfuniko unaobana. Kopo la aiskrimu au la majarini lililooshwa vizuri linafaa kabisa. Mizani ya jikoni ikiwepo ni bora, isipokuwepo vikombe vitatosha: g 200 za vipande vya embe ni kikombe kimoja na robo hivi.

Usinunue barafu, juisi ya boksi wala maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Barafu ikiyeyuka ni maji tu, na maji hayo huzimua ladha. Isitoshe, barafu iliyotengenezwa kwa maji ya bomba yasiyochemshwa hubeba vijidudu vile vile vilivyokuwa ndani ya maji.

Na sukari? Piga hesabu. Embe la g 200 lina sukari ya asili kama g 27, ndizi g 12, mtindi na pasheni huongeza kama g 9. Jumla ni g 48, yaani g 24 kwa glasi, sawa na vijiko sita vya chai, na hujafungua hata kopo la sukari. Ukitia vijiko viwili vya chakula vya sukari unaongeza g 25 nyingine. Umepandisha sukari kwa nusu ili kuficha kosa la tunda ambalo halikuiva.

## Hatua ya 1: Nunua tunda lililoiva kweli

Ubaridi hufanya ulimi usisikie utamu sawasawa. Embe linalokuridhisha likiwa na joto la chumbani huonekana limepooza likishaganda. Na tunda likiingia friza halitaiva tena, litabaki lilivyo.

Ndizi iwe na ganda la njano lenye madoa ya kahawia. Madoa hayo ni dalili kwamba wanga wake mwingi umegeuka sukari. Ndizi yenye ncha za kijani huacha ukakasi na ladha ya unga mbichi. Kisukari na mtwike zinafaa. Bokoboko na mkono wa tembo ziache kwenye chungu, maana wanga wake hufanya smuthi iwe kama uji usioiva.

Embe lipimwe kwa nyuzi. Onja kipande: kama kinaacha nyuzi kwenye meno, nyuzi hizo hizo zitajizungusha kwenye visu vya blenda. Aina za embe ziitwazo Apple, ngowe na Kent zina nyama laini. Ukiwa na maembe ya kienyeji yenye nyuzi usiyatupe. Yasage peke yake kwanza, yachuje, kisha gandisha rojo lake kwenye trei ya barafu.

Pasheni nzuri kwa kazi hii ni ile iliyoanza kujikunja ganda. Iliyo nyororo na inayong'aa mara nyingi bado ni kali. Nanasi linuse upande wa chini: lisiponukia, halina utamu. Papai liwe la njano au la rangi ya chungwa sehemu kubwa ya ganda, na libonyee kidogo.

Kwenye mwambao msimu mkubwa wa embe huangukia kati ya Novemba na Machi. Huo ndio wakati wa kujaza friza, bei ikiwa chini. Mwezi Juni utanunua embe moja kwa bei ya matatu, tena limechumwa changa.

## Hatua ya 2: Osha tunda likiwa zima

Kisu kikipita kwenye ganda chafu hubeba uchafu hadi kwenye nyama ya tunda. Kwa hiyo osha kabla ya kumenya, hata kama ganda utalitupa. Tumia maji safi yanayotiririka na usugue kwa mkono. Nanasi na tikiti zinahitaji brashi.

Wengi hukosea wakidhani kwamba friza itaua vijidudu. Haiviui. Vingi hulala tu, kisha huamka joto likirudi. Smuthi haipikwi popote, kwa hiyo kuosha ndiyo kinga uliyo nayo.

Futa tunda likauke. Maji yaliyobaki juu yake hugeuka utando wa barafu, na utando huo ndio unaogundisha vipande na kuleta chembe za barafu kwenye glasi.

## Hatua ya 3: Menya na ukate vipande vya sentimita 2

Usigandishe ndizi na ganda lake. Ganda likiganda hushikamana na nyama, utalikwangua kwa kisu huku vidole vikikufa ganzi.

Kipimo cha sentimita 2 kina sababu. Kipande kikubwa kuliko hapo huganda polepole na kusumbua visu. Kidogo sana hukauka friza na kuyeyuka kabla hujawasha blenda.

Ndizi ikate duara. Embe likate nyama ya mashavu mawili, kisha kwangua iliyobaki kwenye kokwa, maana kwenye embe kubwa hutoka vijiko kadhaa. Nanasi litolewe moyo wake mgumu wa katikati na macho yote. Vipande viwe sentimita 1.5, kwani nyuzi zake ni ngumu. Papai litolewe mbegu zote, mbegu moja tu ikisagwa huleta ukali kama wa pilipili manga. Ndizi na parachichi zipake maji ya ndimu ili zisigeuke kahawia. Asidi ya ndimu hupunguza nguvu ya kimeng'enya, yaani kichocheo kilichomo ndani ya tunda, kinachosababisha rangi hiyo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha g 200.

Pasheni hazikatwi vipande. Kamua rojo kwenye chujio la chai, koroga kwa kijiko hadi mbegu zibaki kavu, na rojo hilo liwekwe friji kwa matumizi ya kesho au ligandishwe kwenye trei ya barafu. Ukizitupa mbegu ndani ya blenda zitapasuka: utapata vidoti vyeusi, mchanga mdomoni na uchungu kidogo.

Tikiti maji lina maji zaidi ya asilimia 90. Likiganda huwa kama jiwe la barafu lenye rangi. Lifikirie kama mbadala wa barafu tu, lisizidi robo ya matunda yako.

## Hatua ya 4: Gandisha vipande vikiwa vimetandazwa

Hapa ndipo smuthi nyingi huharibikia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mtu akimwaga vipande vyote kwenye kopo na kulitia friza, kesho yake hupata donge moja la nusu kilo. Blenda ya nyumbani haiwezi donge. Atalipiga kwa mchi, au ataliacha liyeyuke nusu, na alipoliacha liyeyuke ndipo smuthi ilipogeuka juisi.

Kuna jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Tunda likiganda polepole, maji yaliyo ndani yake hutengeneza fuwele kubwa za barafu. Fuwele hizo hupasua kuta za chembechembe za tunda, na likiyeyuka maji yote humwagika. Likiganda haraka fuwele huwa ndogo, na smuthi hutoka laini kama aiskrimu.

Fanya hivi:

1. Weka trei tupu kwenye friza dakika 20 ipate baridi.
2. Tandika karatasi ya kuokea. Ikikosekana, paka trei tone la mafuta ya kupikia lisilo na harufu kisha ulifute.
3. Panga vipande safu moja, visigusane.
4. Weka trei chini kabisa, igusane na bati la friza. Kwenye friza nyingi za majumbani hapo ndipo baridi hupita haraka. Usiibebeshe trei juu ya pakiti ya nyama.
5. Subiri saa 3 hadi 4. Friza dhaifu iache usiku kucha.

Umefaulu kama kipande kinang'oka kwa mguso wa kidole, na ukikigonga kwenye ubao kinalia kama kokoto.

Hamisha vipande mara moja kwenye vyombo vyenye mfuniko. Gawa kwa kipimo cha kusaga mara moja: g 300 za mchanganyiko kwa chombo kimoja. Jaza karibu na mfuniko, maana hewa inayobaki ndani hukausha tunda na kuliachia mabaka meupe yenye ladha ya kadibodi. Andika tarehe.

### Je, friza yako ina baridi ya kutosha?

Tazama alama za nyota kwenye mlango wa sehemu ya kugandishia. Nyota moja ni nyuzijoto 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Friji ndogo ya mlango mmoja, ile yenye kijisanduku cha barafu juu, mara nyingi ina nyota moja au mbili. Kwenye nyota moja usiweke matunda zaidi ya wiki moja. Nyota mbili, mwezi. Nyota tatu au friza kamili, ndizi ni tamu hadi miezi 3 na embe au nanasi hata zaidi ya hapo.

### Umeme ukikatika

Usifungue mlango. Friza iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu tu huihifadhi kwa saa 24. Friji ya mlango mmoja haifiki huko.

Kuna ujanja rahisi wa kujua kilichotokea ukiwa safarini. Gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini, basi kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Matunda yenye fuwele za barafu bado yanaweza kurudishwa friza, ingawa ulaini umepungua. Yaliyofikia joto la chumbani kwa saa kadhaa yatupe.

## Hatua ya 5: Yatoe friza, subiri dakika 5 hadi 10

Tunda linalotoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ni gumu kupita uwezo wa blenda za kawaida za wati 300 hadi 500. Dakika 5 zinatosha jijini Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari. Njombe au Limuru, ngoja 10 au 12.

Umefaulu kama uma unaingia kwenye kipande kwa kusukuma kwa nguvu. Ukiingia bila kusukuma, umechelewa. Rudisha friza dakika 15.

## Hatua ya 6: Panga vitu ndani ya jagi kwa mpangilio

Kwanza vimiminika: maji au maziwa, mtindi, rojo la pasheni. Kisha vitu vya unga au vya majani, kama vipo. Matunda yaliyoganda yawe ya mwisho, juu kabisa.

Visu vya blenda huhitaji kimiminika ili vitengeneze mzunguko, yaani kile kishimo kinachovuta vitu vya juu kuvipeleka chini. Ukianza na matunda, visu husaga kipande kilichovigusa, hutengeneza uwazi, na kuanzia hapo vinazunguka ndani ya hewa. Unachosikia ni mlio unaopanda ghafla kuwa mwembamba. Kazi haifanyiki tena.

Uwiano wa kuukariri: g 300 za matunda yaliyoganda kwa ml 240 za vimiminika vyote pamoja, mtindi ukihesabiwa. Kwa smuthi ya kula kwa kijiko kwenye bakuli, shuka hadi ml 120, lakini usijaribu hivyo kwa blenda yenye nguvu ndogo. Itaungua.

Jagi lisijazwe zaidi ya theluthi mbili.

## Hatua ya 7: Saga kwa vipindi

1. Funika na ushike mfuniko. Bonyeza kitufe cha kusaga kwa mpigo, sekunde moja moja, mara tano hadi nane. Hii ni kuvunja vipande, bado hujasaga.
2. Washa mwendo wa chini sekunde 20.
3. Panda mwendo wa juu sekunde 30 hadi 40.
4. Zima. Tazama, na uiache mota ipumzike dakika moja kabla ya kurudia.

Umefaulu kama kishimo kinaonekana katikati na uso unajikunja kuelekea ndani taratibu, mlio wa mota ni ule ule bila kupanda wala kuzama, na ukiinua kijiko smuthi inadondoka kwa uzito kama mtindi, haitiririki.

Usiendelee kusaga "ili iwe laini zaidi". Visu huleta joto na hewa. Baada ya dakika mbili matunda yameyeyuka na mapovu yamejaa.

Ikikwama: zima, chomoa waya, fungua, sukuma matunda chini kwa mwiko, ongeza vijiko viwili vya maji, saga tena kwa mipigo. Viwili tu. Wengi humimina nusu kikombe kwa hasira, na hapo ndipo smuthi inapokufa. Mwiko usiingie jagi visu vikizunguka, hata kwa nukta.

Ukinusa harufu ya mpira au waya unaoungua: zima mara moja. Ama mota imezidiwa, ama kile kipande cha mpira kinachounganisha jagi na mota kimeanza kulika. Iache nusu saa. Blenda nyingi zina kinga inayozima mota ikipata joto na kuiruhusu tena ikipoa, kwa hiyo kimya cha ghafla hakimaanishi lazima imekufa. Kipande cha mpira kikilika, hununuliwa peke yake kwa fundi wa vyombo vya umeme. Peleka kile cha zamani kama mfano, maana meno yake hutofautiana.

Kwa blenda ndogo sana, gawa kipimo nusu na usage mara mbili.

## Hatua ya 8: Onja, rekebisha, mimina

Tia chumvi kidogo na kamulio la ndimu, saga sekunde 5, onja. Chumvi hiyo haipaswi kusikika; kazi yake ni kuamsha utamu uliolala kwa baridi. Ndimu huamsha harufu ya embe. Mara nyingi mtu aliyekuwa anatafuta sukari hapo huacha.

Bado si tamu? Ongeza nusu ya ndizi mbivu. Au tende mbili zilizotolewa kokwa na kulowekwa kwenye maji moto dakika 10. Kumbuka tende nazo ni sukari, tofauti yake na ya kopo ni kwamba zinakuja na nyuzinyuzi.

Mimina kwenye glasi zilizokaa friji na unywe ndani ya dakika 10.

## Michanganyiko mingine, na ugomvi wa nanasi na maziwa

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Mtindi ukikutana nalo, dakika chache baadaye vipande vidogo vya protini hujitokeza, na hivyo ndivyo vyenye uchungu. Kugandisha hakuzimi kimeng'enya hicho. Joto hukizima: chemsha vipande vya nanasi dakika 3 hadi 5, vipoze, kisha vigandishe. Au acha maziwa kabisa. Papai nalo lina kimeng'enya cha namna hiyo, ila likiiva sana kinabaki kidogo. Likiwa na mtindi nywa papo hapo, usiweke friji hadi jioni.

Nanasi, ndizi na tui. Nanasi g 200, ndizi g 100, tui la pili ml 200, maji ml 40, tangawizi mbichi ya sentimita 1. Tui la kwanza ni zito mno: mafuta yake hugandamana na baridi na kubaki kama nta mdomoni.

Papai na parachichi. Papai g 220, parachichi g 80, maji baridi ml 200, maji ya ndimu kijiko kimoja na nusu. Hii ina sukari ndogo kuliko zote humu. Papai lina kama g 8 za sukari kwa kila g 100, parachichi karibu hakuna. Inashibisha kwa mafuta ya parachichi, kwa hiyo glasi moja ni kifungua kinywa.

Ubuyu, ndizi na karanga. Ndizi g 250, unga wa ubuyu kijiko kimoja cha chakula, siagi ya karanga isiyo na sukari kijiko kimoja, maziwa ml 240. Ukizidisha ubuyu, smuthi hujivuta na kuwa nzito kama gundi baada ya dakika chache, na ndiyo sababu kipimo ni kijiko kimoja. Ukisaga karanga mwenyewe, zikaange kwanza na uzichambue: zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, huenda zina sumu ya ukungu ambayo kukaanga hakuimalizi.

Mtu anayetaka majani atie kiganja kimoja cha mchicha uliochovywa maji yanayochemka kwa dakika moja na kukamuliwa. Yakisagwa na embe au nanasi hutoa kijani kizuri. Yakisagwa na stroberi au tikiti hutoa rangi ya tope. Ladha ni sawa, ila watoto hawatagusa.

## Kiasi, na wanaopaswa kuwa waangalifu

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isizidi 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama g 25. Smuthi ya tunda zima ina nafuu kuliko juisi iliyochujwa kwa kuwa nyuzinyuzi zimebaki, lakini nchini Uingereza mamlaka za afya huhesabu hata sukari ya tunda lililosagwa kama sukari huru na kushauri juisi na smuthi zisizidi ml 150 kwa siku kwa jumla. Chukua hilo kama kipimo cha tahadhari: karibu nusu ya glasi ya mwongozo huu, siyo jagi. Tunda la kutafuna huchukua muda, la kunywa halichukui, na maembe matatu hupita kooni kabla tumbo halijajua.

Mwenye kisukari aanze na ile ya papai na parachichi, nusu glasi, apime sukari yake na azungumze na mhudumu wake wa afya. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kwanza kabla ya ndizi na parachichi. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata tone.

## Ikiharibika, sababu ni hii

Imejitenga, maji chini na povu juu. Hakuna kinachoishikilia. Ongeza ndizi au parachichi g 50, na upunguze muda wa kusaga.

Ina chembe za barafu. Tunda liliganda polepole, liliingia friza likiwa na maji, au tikiti limezidi. Isage mara ya pili baada ya dakika 3 za kusubiri. Haitakuwa kamilifu, itanyweka.

Ni nyepesi. Usiongeze barafu. Ongeza vipande vinne vitano vya ndizi iliyoganda. Ndiyo maana chombo kimoja cha ndizi tupu kisikosekane friza.

Ni chungu. Nanasi na maziwa, mbegu za pasheni au za ndimu, au vipande vya ganda la embe. Uchungu hauondoki kwa sukari, kwa hiyo usipoteze sukari.

Imegeuka kahawia. Ndizi au parachichi bila ndimu. Ni salama kunywa.

## Kuosha blenda, na kilichobaki

Smuthi ikikaukia kwenye jagi ni kazi ya nusu saa. Ukishamimina tu, tia maji ya uvuguvugu hadi nusu na tone moja la sabuni, washa sekunde 30, suuza. Mara moja kwa siku ya matumizi fungua visu na utoe ule mpira wa duara chini yake. Ukungu na harufu ya mtindi uliooza hukaa hapo, na mtu husugua jagi mwezi mzima bila kujua harufu inatoka wapi. Kausha kabla ya kufunga.

Smuthi iliyobaki haihifadhiki vizuri kwenye friji. Kufikia kesho imejitenga na kupoteza harufu. Imimine kwenye vikombe vidogo au kalibu za lambalamba, acha nafasi ya sentimita 1 juu kwa kuwa itavimba ikiganda, iache friza dakika 40 iwe nzito kidogo ndipo uchomeke kijiti kisimame wima. Baada ya saa 5 au 6 pitisha kikombe kwenye maji ya bomba kwa sekunde 10, zungusha kijiti, uvute.